"Borrow me your charger": vitenzi vinavyotuchezea shere

AKINYI: Karibuni tena. Hapa Kisumu jua linachoma tangu asubuhi, na niko na Mwalimu Wafula. Mwalimu, nina kesi. Juzi kwenye steji ya Kondele kijana alimwambia mwenzake, "Borrow me your charger." Akapewa!

WAFULA: Si alieleweka? Shida ni siku atakapoandika hivyo kwenye barua ya kazi. Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha.

AKINYI: Hiyo tuliambiwa tangu shule ya msingi, na bado inatuponyoka.

WAFULA: Mimi nalaumu "azima". Kwa pesa tumetenganisha: nakopa, ananikopesha. Kwa vitu, kitenzi ni kimoja: "nimeazima kalamu", "niazime kalamu". Mtoaji na mpokeaji wote wanaazima. Ukifikiria azima, utasema borrow me. Fikiria kopa na kopesha, umepona.

AKINYI: Yaani hata chaja niikope?

WAFULA: Kichwani tu! Ukisikia "-esha" inakuja, sema lend.

AKINYI: Haya. Lie na lay. Hapo hata mimi huwa napita mbio.

WAFULA: Na ndipo penye utamu. Lala na laza. Mtoto amelala mkekani, the baby is lying on the mat. Mama anamlaza, she is laying the baby on the mat. Jiulize: analaza nini? Kama hakuna wa kulazwa, lay haina kazi hapo.

AKINYI: Mbona basi kuna "Yesterday he lay on the mat"? Nani kalazwa?

WAFULA: Hakuna. Huo ndio mtego wenyewe. Lie ikienda jana inakuwa lay, na lay ikienda jana inakuwa laid. Hata Waingereza huanguka hapo, usijisumbue roho.

AKINYI: Walifanya makusudi hawa.

WAFULA: Aa, ni mabaki. Kiingereza cha kale kilikuwa na njia yake ya kutendesha, kama "-esha" yetu, na alama iliyobaki ni irabu ya ndani kubadilika. Sit na set, keti na ketisha. Fall na fell, anguka na angusha. Na fell ina ujanja uleule: the tree fell, mti umeanguka wenyewe. They felled the tree, kuna watu na msumeno.

AKINYI: Kumbe! Na say na tell?

WAFULA: Sema na ambia. Ambia hutaka mtu, tell pia, ukitoa vichache kama tell the truth. "He said me" hakuna. Bring na take ni leta na peleka, hizo hazitusumbui, twende.

AKINYI: Msikilizaji anauliza rise na raise.

WAFULA: Panda na pandisha. Nenda soko la Kibuye ununue omena, wale dagaa wetu. The price has risen, bei imepanda, hakuna aliyetajwa. The trader has raised the price, sasa una mtu wa kugombana naye.

AKINYI: Na nikisema "the price has raised"?

WAFULA: Nitakuuliza, imepandisha nini?

AKINYI: Imenipandisha presha!

WAFULA: Ehe, hiyo sasa ni sahihi. It has raised my blood pressure.