Revolva Nayo Hukwama

SALMA: Mimi ni mtu wa revolva, na sifichi. Ukivuta kifyatulio risasi ikagoma, unavuta tena. Silinda, lile pipa dogo linalobeba risasi, inazunguka, inakuja nyingine. Kwisha. Haikwami kabisa.

BARAKA: Halafu unasema haikwami kabisa. Hapo ndipo tunapokosana, dada.

SALMA: Ngoja nimalize. Nguvu ya kuzungusha silinda inatoka kwenye kidole changu. Bastola ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inaitegemea risasi yenyewe irudishe nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, itupe ganda, ipandishe risasi mpya. Risasi ikiwa dhaifu, au mkono umelegea, kazi inaishia katikati.

BARAKA: Sikupingi. Nakuongezea hata: ukilazimika kufyatua kutoka ndani ya mfuko wa koti, slaidi inaweza kunaswa na kitambaa, wakati revolva yenye nyundo iliyofichwa inaendelea tu.

SALMA: Kumbe uko upande wangu!

BARAKA: Nusu. Chukua zile revolva ndogo nyepesi za risasi 5, wanazopenda watu wa kubeba silaha mwilini. Wepesi huo una gharama. Kila unapofyatua, mtikisiko unazipata na risasi zilizobaki kwenye silinda. Kichwa cha risasi kinachomoka kidogo kidogo kwenye ganda lake, mpaka kinatokeza mbele na kukwaa kwenye fremu. Silinda haizunguki. Sasa vuta tena tuone.

SALMA: Mmh. Hapo unafanyaje?

BARAKA: Mara nyingi unatafuta meza na kifaa cha kusukumia. Mwenye bastola ya magazini, sana sana anagonga kitako cha magazini, anavuta slaidi, anaendelea.

SALMA: Anayeendelea ni aliyefanya mazoezi, kaka. Huyu wa kawaida aliyepiga risasi 50 siku ya kwanza akaifungia kabatini, akishikwa na hofu atakumbuka kugonga nini? Na risasi mbili zikigombania chemba moja, lile tundu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kugonga hakutoshi. Lazima achomoe magazini kwanza.

BARAKA: Kweli, na huyo hata mimi ningempa revolva. Ila tusiseme bastola ni mbovu. Kabla jeshi la Marekani halijaipokea ile ya mbunifu wa silaha John Browning mwaka 1911, ilijaribiwa kwa risasi 6,000 na haikukwama. Siku hizi ikisumbua, mshukiwa wangu wa kwanza ni magazini: midomo imepinda au springi imechoka. Ndiyo maana zangu nimeziandika namba. Namba 3 ikikwamisha mara mbili, naitupa, sibishani nayo.

SALMA: Basi nikiri jambo. Yangu juzi uwanjani iligoma kufunga silinda. Nimebadilisha risasi, bado.

BARAKA: Ulitazama chini ya ile nyota inayosukuma maganda?

SALMA: Baadaye. Kulikuwa na punje za baruti isiyoungua, hata hazionekani vizuri.

BARAKA: Punje hizo zinatosha kuinua nyota, na silinda haifungi. Ukitoa maganda unaushikaje mtutu?

SALMA: Umelala. Wakati mwingine unatazama chini.

BARAKA: Ndiyo hiyo! Elekeza mtutu juu, kisha sukuma kwa nguvu mara moja. Maganda yanaanguka, na uchafu unaanguka nayo. Wewe umekuwa ukiumwagia ndani.

SALMA: Miaka yote hii?

BARAKA: Miaka yote hii. Na mswaki mkavu uwe nao kwenye mkoba.