Sikuuliza Wanavyopima

(Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, kama ulivyosemwa)

Assalamu alaykum. Wanafunzi mlioko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimetakiwa nieleze utafiti wangu. Kila nikitaja kuwa nafundisha falsafa ya maadili, watu huniomba niwaseme vijana: mavazi, simu, adabu kupotea. Kazi hiyo ina wenyewe. Yangu ina milango miwili. Mmoja unauliza tufanye nini na kwa sababu gani: huo huitwa etiki elekezi. Wa pili uko nyuma ya huo. Tukisema jambo fulani ni baya, tunasema nini hasa? Kuna ukweli tunaoutaja, au ni kelele za moyo tu? Huo huitwa metaetiki, nao ndio unaodharauliwa kuwa ni maneno ya watu wasio na shughuli. Nimelijibu shutuma hilo mara nyingi, na leo nalijibu tena kwa pishi, kile chombo cha kupimia nafaka na karafuu.

Bibi yangu alikuwa na mikarafuu Mtambwe, hapa hapa Pemba. Msimu ukifika, wachumaji walirudi alasiri, watu wakakaa chini kuchambua, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu huku, na harufu ikiingia vidoleni haitoki hata kwa sabuni. Kisha ndipo bibi alipotoka na pishi, maana mchumaji hulipwa kwa pishi. Ya kwake ilikuwa ya bati, ukingo umebonyea upande mmoja. Hakuifuta, yaani hakuisawazisha ikawa sawa na ukingo. Alirundika mpaka karafuu zikasimama kama kichuguu, na zilizoporomoka akazirudisha juu kwa kiganja. Kwa hesabu, pishi moja. Kile kilele cha juu hakikuwa na hesabu.

Siku moja mzee mmoja mchumaji, mtu wa maneno machache, akamwambia: "Bi Mkubwa, pishi hii ni haki?"

Bibi akajibu: "Wete nzima ndivyo wanavyopima."

"Sikuuliza wanavyopima. Nimeuliza ni haki?"

"Si mlikubali wenyewe mlipoanza kazi?"

"Tulikubali. Ni haki?"

"Nikipima kwa mfuto nitapata hasara, na mwakani hamtapata kazi kwangu."

"Huenda. Ni haki?"

Mimi nilikuwa mtoto, nimeshika birika la kahawa. Nilidhani mzee anafanya ukaidi. Nilipokuja kusoma falsafa ndipo nilipotambua kuwa nilisikia hoja nzima uani kwetu. Mwaka 1903, Mwingereza G. E. Moore aliandika kitabu kiitwacho Principia Ethica. Humo anasema: chukua maana yoyote unayotaka kuipa "jema". Sema jema ni lile linaloleta raha, au lile watu wanalolikubali, au lile linalosaidia jamii kuendelea. Bado mtu mwenye akili timamu anaweza kuuliza: sawa, linaleta raha, lakini ni jema? Na swali hilo halitakuwa la kipuuzi. Ukimwuliza mtu "huyu ni mseja, lakini hana mke?" atakushangaa, kwa sababu jibu limo ndani ya neno. Swali la mzee halikuwa hivyo. Bibi alitoa desturi, likabaki wazi. Akatoa mapatano, likabaki wazi. Akatoa faida na hasara, bado liko palepale.

Na tazameni neno alilolitumia. Hakusema "nzuri", hakusema "inafaa". Alisema haki. Kwetu haki ni uadilifu, ni stahili ya mtu, na tukiapa tunaapa "haki ya Mungu", yaani ni kweli. Neno moja limebeba ukweli na uadilifu pamoja. Sidai kuwa lugha inathibitisha falsafa. Nasema tu kwamba anayetuambia swali hili ni la Wazungu hajasikiliza namna watu wanavyosemeshana pishi ikipimwa.

Najua kuna mtu hapa ana jibu lake tayari: Mwalimu, haya yamekwisha, Sura ya 83 ya Kurani imetaja ole kwa wapunjao, ambao wakijipimia wao hutimiza na wakiwapimia watu hupunguza. Naam. Bibi mwenyewe alikuwa akiisoma. Lakini msidhani aya inafunga mjadala wa wanazuoni. Inaufungua. Kupunja ni kubaya kwa sababu kumekatazwa, au kumekatazwa kwa sababu ni kubaya? Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu waliotegemea sana akili, na Kadhi Abduljabbar aliyefariki mwaka 1025 ni mmoja wao, walisema akili inaujua ubaya wa dhulma hata kabla ya kuletewa sharia. Maashari, kundi la wanazuoni waliowapinga, wakakataa: uzuri na ubaya hujulikana kwa sharia. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, akaenda mbali zaidi. Alisema watu huliita zuri lile linaloafikiana na lengo lao. Mfalme akiuawa, maadui zake huona ni vizuri na marafiki zake huona ni vibaya. Hiyo ni metaetiki, ilijadiliwa kwa Kiarabu miaka mia nane kabla ya Moore, na vitabu vyake vimo katika makabati ya nyumba zetu. Inaniuma kuona mwanafunzi anayajua majina ya Uingereza na haya hayajui.

Sasa nije kwenye lile ambalo silichoki. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Naomba mfikirie tarehe 4 Juni. Siku hiyo mtu akiuzwa pale, muuzaji yuko ndani ya sheria, desturi iko naye, na majirani wanamwamkia kwa heshima. Je, yule aliyeuzwa alidhulumiwa, au dhulma ilianza kesho yake asubuhi?

Ukisema ubaya ni kile jamii inachokiita kibaya, lazima useme tarehe 4 hapakuwa na dhulma. Usirukeruke. Liseme kwa sauti, kisha uende Mkunazini, ukasimame nje ya kanisa lililojengwa pale, uliseme tena.

Mtanijibu: watu wa zamani hawakujua. Nani hakujua? Aliyefungwa minyororo hakujua? Tukisema "jamii ilikubali" tunamhesabu muuzaji na kumwacha muuzwaji, kama kwamba yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Hata amri ya 1897, iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na fidia ikalipwa kwa mmiliki. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Sheria ilikwenda kwa vipande. Dhulma haikuwa ikipungua kwa kufuata kalenda ya serikali.

Wako wanaopinga kuwa upo ukweli wa maadili, tena kwa hoja nzito. Mwanafalsafa J. L. Mackie, mwaka 1977, alisema tunapohukumu tunataja kitu ambacho hakimo ulimwenguni, kwa hiyo hukumu zetu zote zina kosa. Nina majibu ya kumpa, lakini muda unaniacha.

Mlango wa kwanza, ule wa tufanye nini, naupita mbio. Kati ya wanafalsafa wa mlango huo, Mill angeuliza matokeo ya pishi kwa furaha ya wote, Kant angeuliza kama wachumaji wamefanywa chombo tu. Mimi niko karibu zaidi na W. D. Ross, 1930: wajibu ni mwingi, kutimiza ahadi, kulipa wema, kutodhuru, na hakuna mizani moja ya kuupimia wote, lazima uitazame hali iliyo mbele yako. Anayetaka zaidi aje tuzungumze baada ya sala.

Naona mnataka kujua bibi alifanya nini. Alinyamaza, akamtazama yule mzee, akasema: "Si haki." Kisha akachota pishi iliyofuata, akairundika vilevile, na msimu ule wote akaendelea kurundika. Mwanafalsafa Hume alishasema, mwaka 1739, kwamba akili peke yake haimsukumi mtu kutenda. Bibi alilijua jibu, alilitamka mbele ya watu, na mkono haukufuata. Ukweli gani huo wa maadili, ambao mtu anaukiri kwa ulimi wake na bado haumsogezi mkono? Utafiti wangu wa sasa uko hapo. Maswali, tafadhali. Kina mama kwanza.