Namna ya Kuosha Jicho Lililoingiwa na Chokaa au Kemikali Nyingine
Ndugu watazamaji, tupo kwenye nyumba inayopigwa lipu huku Mbagala, na kijana huyu aliyelala ubavu anaigiza fundi aliyerukiwa na chokaa jichoni. Wengi huogopa zaidi maji ya betri, lakini chokaa, saruji mbichi na kostiki soda ya kutengenezea sabuni kwa kawaida ndizo hatari zaidi: asidi, kama hiyo ya betri, hugandisha protini za uso wa jicho na mgando huo huizuia kwa kiasi isizame, ilhali alikali, kama hizo tatu, huyeyusha mafuta ya seli, ikapenya konea (kioo cha mbele cha jicho) na kuendelea kuunguza ndani.

Kwa hiyo bodaboda isubiri kwanza. Jicho lililoumia liwe upande wa chini, ili maji yasichuruzikie lile zima, kisha mimina maji safi polepole kwa kopo, kuanzia kona ya puani kwenda nje. Maji ya bomba yanafaa. Usipoteze muda kuchemsha mengine. Endelea kwa dakika 30, wala usitie siki, maziwa ya mama au kitu kingine chochote.

Mgonjwa atafumba jicho kwa nguvu, na hapo ndipo waoshaji wengi hushindwa, kwani maji huishia shavuni. Mtu wa pili ashike kope na kuzitenganisha, huku mgonjwa akizungusha jicho juu, chini na pembeni. Tazameni sasa muuguzi wetu anavyougeuza ukope wa juu kwa kijiti cha pamba: chembe za chokaa hujificha humo, na zikibaki, jicho huendelea kuungua hata likioshwa. Asiye na ujuzi huo asichokonoe, amwachie mhudumu.

Baada ya hapo nendeni Muhimbili, CCBRT Msasani au hospitali iliyo karibu, mkichukua na chombo cha kemikali. Huko wataosha tena na kupima kwa karatasi ya litmasi hadi pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ikaribie 7, wasubiri dakika 5, kisha wapime upya. Jicho lililopauka ukingoni mwa konea huwatia madaktari wasiwasi kuliko jekundu, kwa sababu mishipa ya damu ya pale imeungua. Matone ya ganzi yatakayotumika msiyaombe ya kwenda nayo nyumbani, kwani huchelewesha konea kupona.