Tambi za maharage: bei, mapishi, na kwa nini siwaletei katoni

Haya jamani, habari za leo, niko Dar, jikoni kwa mama hapa Tandika, feni inapiga kelele mtanivumilia. Leo sizunguki maana nikifungua komenti swali ni lile lile, "dada zile tambi za maharage ulizopika kule zinauzwa wapi na bei gani", na nikijibu tu anatokea mtu anasema najishaua, akitoka huyo anakuja wa kusema Ulaya imenishinda ndo maana nalialia bei. Sijishaui na silii, mmeuliza, najibu.

Kule Uingereza hizi tambi, za unga wa adesi, dengu au soya badala ya ngano, zipo supamaketi, upande wa vyakula visivyo na ngano. Pakiti ya gramu 250 mimi nanunua pauni mbili na nusu hivi, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni elfu nane na ushee, wakati tambi za ngano nusu kilo nzima napata chini ya pauni moja. Sa mtu akiniambia nakula bata namshangaa, nakula hizi kwa sababu sukari ilianza kupanda nikaambiwa nipunguze wanga, basi. Hiyo ni mimi lakini, mwili wako siyo wangu, muulize daktari wako usije ukasema fulani wa video kasema.

Kwenye kununua, geuza pakiti usome nyuma, picha ya mbele isikudanganye. Za ngano zina protini kama gramu 12 au 13 kwenye gramu 100, za adesi nyekundu zinafika 25 hivi, na zile za soya zinapita 40. Viungo viwe kimoja tu, unga wa adesi au wa dengu, maana kuna nyingine wameandika protini kwa herufi kubwa kumbe ndani ngano ipo, na kama unakwepa ngano hapo umeliwa. Halafu zile nyeupe za kioo, za choroko, tamu kwenye supu lakini zile ni wanga wa choroko, protini imeshachujwa karibu yote, usizinunue ukidhani ndo hizi.

Sasa "si utuletee katoni tuuze". Jamani. Begi ni kilo 23, na kabla sijafunga zipu kuna viatu vya mjomba, simu ya binamu, vitenge vya watu (eti vitenge natoa Uingereza naleta Dar, niacheni). Nikajaribu kutuma kwa watu wa mizigo, siwataji jina, nikaombwa ankara, orodha ya vitu, thamani ya kila kitu, kopi ya pasi, nimetuma wakasema picha haisomeki, nikatuma tena wakanyamaza wiki nzima, mwisho gharama ikawa kubwa kuliko tambi zenyewe. Na ukitaka kuuza chakula kutoka nje kihalali kuna usajili TBS, lile shirika la viwango, tangu 2019 mambo ya chakula yako kwao, siyo mzigo wa kuchomeka kwenye begi la mtu.

Afu mjomba mwenyewe wa viatu ndo kasema mbele za watu "huyu karudi na tambi". Sawa.

Kupika sasa, sogeza kamera. Sufuria kubwa, maji mengi, chumvi. Mnaliona hili povu? Za kunde zote zinatoa povu hivi, zito, linapanda ukingoni ghafla na likimwagika linazima jiko, kwa hiyo usifunike na usiende kuchati. Pakiti inasema dakika nane, mi naanza kuonja ya sita, kwa sababu hamna ile gluteni ya ngano ya kushikilia, ukizidisha kidogo tu za adesi zinakuwa uji. Za soya ngumu zaidi, zinavumilia. Chuja, suuza na maji ya moto kidogo, changanya na mchuzi hapo hapo, zikilala zinakauka na kukatikakatika. Mchuzi uwe na nguvu, mimi natia kamba wa nazi na ndimu, maana harufu ya kunde ipo. Msijaribu kuzifanya tambi za sukari na iliki za futari, mama kaonja kijiko kimoja akasukuma sahani.

Kwa Dar nimeziona supamaketi za Masaki, leo zipo kesho hamna, bei imepanda mpaka nikairudisha pakiti. Ukweli wangu, kama huna shida na ngano wala sukari, nenda Kariakoo chukua choroko na maharage yako kilo kadhaa kwa hela hiyo hiyo, protini ni ile ile na nazi unajua kuiunga. Mwenye sababu ndo ahangaike.

Na msinitumie meseji, zimebaki pakiti mbili na shangazi kashaandika jina lake juu kwa peni.