Nani Alilipia Embakasi?

Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa muda mfupi, kwa hiyo naanzia uwanja wa ndege wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi, au Islii kama wakazi wanavyoiita, maana uwanja wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta, ulizaliwa na shida za huko.

Kabla ya Vita Kuu vya Pili, ndege za abiria nchini Kenya zilikuwa za watu binafsi. Wilson Airways, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson. Vita vilipozuka, serikali ilizichukua ndege zake na marubani wake, na kampuni ikafia hapo. Eastleigh ikawa kambi ya Jeshi la Anga la Uingereza. Amani iliporudi, BOAC, shirika la ndege la Uingereza, na East African Airways, iliyoanza 1946, zikawa wapangaji wa jeshi. Kwa serikali ya koloni, huo ulikuwa mteremko: uwanja upo, mlinzi yupo, kwa nini ujenge mwingine?

Ila njia ya kurukia ilikuwa ya murramu, yaani udongo wa changarawe, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege nzito hukimbia masafa marefu kabla ya kuinuka. Mei 1952, BOAC ilipozindua safari za jeti aina ya Comet kutoka London hadi Johannesburg, ilitua Khartoum, ikatua Entebbe, kisha Livingstone. Nairobi ikarukwa! Nadhani walowezi hawakulala vizuri wiki hiyo.

Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa Hali ya Hatari, kupambana na wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni. Eastleigh ikajaa ndege za kivita: kwanza Harvard, baadaye Lincoln zilizokwenda kudondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mtalii na bomu wakawa wanatumia uwanja mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uwanja wa raia ulipoacha kuwa anasa.

Pesa je? Koloni ilikuwa imeelemewa, na London ilishakuwa ikitoa misaada na mikopo ili vita viendelee. Kilichokuwepo kwa wingi ni watu. Baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, msako mkubwa wa Waingereza jijini Nairobi, kambi na magereza yalifurika. Wafungwa wa Mau Mau wakapelekwa Embakasi. Wanaojua tambarare ile wanaujua udongo wake mweusi: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unapasuka. Huwezi kumwaga lami juu yake. Lazima uuchimbe, uuondoe, ujaze mawe. Kazi hiyo waliifanya wafungwa kwa sururu na makarai, bunduki zikiwaelekea. Mtu anayeniambia Embakasi ulijengwa kwa nafuu, namuuliza: nafuu ya nani?

Gavana Evelyn Baring aliufungua mwaka 1958, na ndege za abiria zikahama. Eastleigh ikabaki ya jeshi, na baada ya uhuru ikawa ya Jeshi la Anga la Kenya.

Juni 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Hiyo ilikuwa fidia ya mateso. Ujira wa kazi haukuwemo.