Nani Atatia Maji Betri Ukishaondoka?

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Waliowahi kunisikia wanajua naelekea wapi, na naona wawili pale wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaacha kulisema jambo hili siku kijana mmoja atakaporudi kutoka kujitolea, aniambie kwamba wiki zake nne za mwisho hakupaka rangi ukuta wowote.

Ninyi mnaojiandaa kwenda kujitolea, habari za viza, chanjo na posho mmeshaelezwa asubuhi. Mimi nimekuja na betri.

Nilikuwa kaskazini mwa Malawi, chuo cha ufundi cha kijijini, upande wa Livingstonia. Unatoka Karonga unafuata ziwa, halafu unapanda mlima mpaka masikio yanaziba. Nilifundisha umeme miezi 12. Chuo kilikuwa na paneli za sola na betri 8 za risasi, zile za kutia maji, kila moja na vifuniko vyake sita. Kila Jumamosi nafungua chumba, napima, naongeza maji ya betri, yale yaliyoondolewa madini, nasugua vichwa, nafunga. Wanafunzi wakichungulia mlangoni nawafokea: tokeni, hiyo ni asidi! Walikuwa vijana wenye adabu. Walitoka, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Sasa sikilizeni wiki zangu za mwisho. Ya kwanza niliandika ripoti, na picha ndani yake. Ya pili nikachora ramani ya Afrika bwaloni, maana kila aliyenitangulia alikuwa ameacha ukuta wake. Zanzibar niliisahau. Ya tatu nikafunga taa mbili mpya uani, yaani nikazidi kuzitwisha mzigo betri zilezile. Ya nne tukachinja mbuzi. Hata karamu niliivuruga: nilikusudia saa nane mchana, nikaitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, wageni wakafika asubuhi mbuzi bado anakula majani. Nikavishwa chitenje, nikasema "yewo chomene", asante sana ya Kitumbuka, nikalia mbele za watu.

Na chumba cha betri? Ufunguo nilimwachia karani, ndani ya bahasha, pamoja na wa nyumba.

Miezi mitatu baadaye ikaja simu. Taa zinazimika hata watu hawajala. Nikauliza, nani anatia maji? Kimya. Kisha mwanafunzi wangu, hodari kuliko wote, akasema: mwalimu, tulifungua tukakuta yamekauka, tukajaza ya bombani.

Ya bombani! Maji yenye madini yake, na plati zenyewe, yale mabamba ya risasi ya ndani, zilikuwa zimeshakaa wazi. Plati ya risasi ikishakaa hewani hivyo, sehemu ile hairudi, hata ukiileta kwangu hapa leo. Nilifungua mdomo nimgombeze, nikakosa la kusema. Yule aliona tatizo akatenda. Mimi mwaka mzima nilimfundisha jambo moja tu kuhusu betri zile: kuziogopa.

Najua mtaniambia, mwalimu, chuo hakikukupa mtu wa kumkabidhi. Kweli, hakikunipa. Nami sikuomba, maana kuwa fundi pekee kuna utamu wake, tusidanganyane. Mwingine atasema mwezi wa mwisho watu wako kwenye mitihani. Sawasawa kabisa! Ndiyo maana nasema mwezi wako wa nane kule, mikono yako iwe mfukoni. Yeye atie maji, wewe utazame. Akikosea, mkosoane humohumo, asidi ikiwa bado iko mbele yenu. Na wiki ya mwisho, siku zake za mwanzo usiwepo. Nenda ziwani, zima simu. Ukirudi uliza walikutafuta kwa lipi. Hilo ndilo hukukabidhi, na una siku tatu za kulikabidhi.

Mwalimu mwenzangu wa kule alinitania siku ile ya ramani: Robert Laws, yule mmisionari wa Livingstonia, alifika ziwani 1875 akaondoka 1927, wewe wa mwaka mmoja unataka jina ukutani? Nilikasirika. Lakini ifanyieni hesabu. Mtu mwenye miaka 52 ya kukaa mahali anaweza kuahirisha kumwonyesha mwenzake kazi. Wewe huna hata msimu wa pili wa mvua.

Na tusijifanye hatujui upande wa pili. Peace Corps ya Marekani ilianza kuleta vijana Tanganyika 1961, mwaka uleule wa uhuru, na tangu hapo wageni wa kujitolea tumewapokea wa kila rangi. Nani hapa kijijini kwao hakuna pampu iliyokufa wiki chache baada ya mgeni kuagwa kwa ngoma? Tunawalaumu Wazungu. Mimi natoka Tanga, na nilifanya vilevile.

Nilikuwa na mengine. Madeni ya dukani: lipa kabla ya karamu, maana baada yake hukamatiki. Ahadi: usiahidi kompyuta. Kuna na habari ya kupendana huko, lakini hiyo ndefu, na mwenyekiti ananionyesha saa.

Aa, betri. Kuna mtu aliniuliza mlangoni. Sita ziliuzwa chuma chakavu. Mbili zilisalimika, ziko ofisini kwa mhasibu, zinachaji simu za walimu, na maji anatia yule kijana. Haya, wewe wa nyuma mwenye shati la kijani, uliza.