Saa Nne za Kwanza: Kiingereza na Lugha za Nyumbani katika Shule za Mbali za Australia

Waheshimiwa wenyeji wetu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mizani kati ya Kiingereza na lugha za wenyeji katika shule zilizo mbali na miji. Nimechagua kuwapeleka Northern Territory, kaskazini mwa Australia, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa, likavunjwa, kisha likaanza kufufuliwa, yote hayo ndani ya nusu karne. Niseme mapema kwamba neno "mizani" lenyewe linanitia wasiwasi, kwani mara tu tukilitamka tunaanza kupima saa: ngapi za lugha hii na ngapi za ile. Kwangu mimi swali la saa ni la pili. La kwanza ni lugha ipi inatangulia, na nani anasimama mbele ya darasa.

Elimu ya lugha mbili ilianza huko mwaka 1973, baada ya serikali ya waziri mkuu wa Australia, Gough Whitlam, kuitangaza mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Haikuangukia watu waliokuwa kimya. Miaka kumi nyuma, mwaka 1963, Wayolngu, wenyeji wa kijiji cha Yirrkala katika eneo hilohilo, walikuwa wamepeleka bungeni malalamiko yao juu ya ardhi, yamebandikwa kwenye magome ya mti yaliyochorwa, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, bega kwa bega. Wale wazee walijua Kiingereza kinafanya kazi gani na lugha yao inafanya kazi gani.

Sasa tuingie darasani. Lajamanu ni kijiji cha Wawarlpiri, zaidi ya kilomita 500 kutoka mji wa Katherine. Mtoto anayeanza shule huko anaweza kusema: *Kurdungku ka maliki wajilipinyi*, yaani mtoto anamkimbiza mbwa. Kiambishi *-ngku* kilichobandikwa kwenye *kurdu*, mtoto, ndicho kinachomtambulisha mtenda. Kwa hiyo ukianza na *maliki*, mbwa, na mtoto ukamweka mwisho kabisa, bado mtoto ndiye anayekimbiza. Katika Kiingereza, kama ilivyo kwetu, ukiwabadilisha nafasi, mbwa ndiye atakayemfukuza mtoto. Tena Kiwarlpiri hakitenganishi *p* na *b*: tofauti tunayoisikia sisi kati ya *pata* na *bata*, kwa sikio la mtoto huyo haina kazi yoyote. Ongezeni kwamba maradhi ya masikio yamewaenea mno watoto wa vijiji hivyo, nanyi mtaona jinsi mtoto mwerevu anavyoweza kuonekana mzito siku ya kwanza tu, kwa kuwa anafundishwa kusoma sauti ambazo bado hajazisikia.

Ndiyo maana programu zile zilijengwa kama ngazi. Mtoto alijifunza kwanza kusoma kwa lugha aliyoijua, Kiingereza kikianza kwa mazungumzo na kuongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka katika madarasa ya juu ya msingi lugha mbili zikagawana siku karibu sawa. Hoja ilikuwa nyepesi: ufundi wa kusoma hujifunzwa mara moja, kisha huhamishwa.

Mwaka 2008 ulianza mtihani wa kitaifa uitwao NAPLAN, wa kusoma, kuandika na hesabu, unaofanywa katika darasa la tatu, la tano, la saba na la tisa, wote kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu katika shule ya lugha mbili alikuwa bado katikati ya ngazi alipopimwa kama aliyekwisha fika juu. Matokeo yakawa mabaya, na mwezi Oktoba mwaka huohuo waziri wa elimu wa Northern Territory, Marion Scrymgour, akatangaza kwamba saa nne za kwanza za kila siku ya masomo zifundishwe kwa Kiingereza. (Wasikilizaji wasichanganye: si saa nne asubuhi ya kwetu, bali muda wa saa nne kamili.) Kilichobaki kwa lugha ya nyumbani kilikuwa kipande cha mchana, joto limepanda na watoto wamechoka.

Simtii waziri huyo katika kundi la wasiojali. Yeye mwenyewe ana asili ya Kitiwi, mojawapo ya jamii za wenyeji, na wasiwasi wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu wapo vijana waliomaliza shule bila kuweza kusoma barua ya hospitali. Wazazi wengi wa vijijini nao wanakitaka Kiingereza, na wanayo haki ya kukitaka. Kosa ni kudhani kwamba anayetaka kisima kichimbwe hapa anaomba kile cha zamani kifukiwe. Agizo lenyewe halikudumu miaka mingi, ila kuvunja programu ni kazi ya asubuhi moja, na kuijenga upya ni kazi ya kizazi.

Wayolngu wana neno *ganma*, mahali ambapo maji baridi ya mto hukutana na maji chumvi ya bahari. Aliyekulia delta ya Rufiji hahitaji maelezo: maji hayo huchanganyika bila moja kulimeza jingine, na mikoko huota papo hapo. Yirrkala walilifanya neno hilo kuwa msingi wa mtaala wao, na mwaka 1990 shule yao ikapata mwalimu mkuu Myolngu, M. Yunupingu.

Hapo ndipo ninapokazia. Walimu wengi wanaotumwa kutoka mijini hawadumu vijijini. Anayebaki ni mwenyeji, anayeijua lugha na kuwajua watoto mmoja mmoja. Sisi wa Tanzania tusicheke: mtoto wa Kihadzabe wa Yaeda Chini anakutana na Kiswahili kama yule wa Lajamanu anavyokutana na Kiingereza.

Shule za lugha mbili zilikuwa na vyumba vyao vya uchapaji, ambamo wenyeji waliandika, wakachora na kuchapa vitabu vya watoto. Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Charles Darwin kimekuwa kikiviweka maelfu ya vitabu hivyo katika hifadhi ya kidijitali, na yeyote anaweza kuvifungua. Katika shule nyingi, mtu awezaye kuvisoma kwa sauti mbele ya darasa bado cheo chake ni mwalimu msaidizi.